Waya wa Kumi na Tisa

Fundi hakupenda waya wenye ncha iliyofumuka. Mafundi wengine wa baiskeli wakikata waya wa breki huuacha hivyo hivyo, nyuzi zake zimetawanyika kama ufagio uliochakaa. Mwanamke huyu hakuwa hivyo. Aliichovya ncha kwenye risasi ya kulehemu iliyoyeyuka, akaiweka juu ya kipande cha chuma, akaigonga kwa nyundo mara moja tu. Ncha ikalala bapa, laini, kama mbegu ya boga.

"Waya ukikuchoma kidole," aliwaambia wateja, "ujue haukutoka kwangu."

Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati kando ya barabara ya vumbi. Magurudumu yalining'inia ukutani. Chini palikuwa na beseni la maji la kutafutia pancha, na kopo kubwa la biskuti lililojaa kengele kuukuu za baiskeli. Kengele hizo hazikuwa na kazi, lakini Fundi hakutupa kitu. Ng'ambo ya barabara yalikuwapo mashamba, na nyuma ya mashamba ulianza msitu wa hifadhi ya taifa.

Asubuhi moja alifika jirani yake, mwanamke mfupi mwenye buti kubwa, akisukuma baiskeli. Watu wote walimwita Mama Viota. Kazi yake ilikuwa kuingia msituni na wenzake kuwahesabu sokwe, pamoja na viota wanavyolalia juu ya miti.

"Fundi, breki imenisaliti tena. Nimeshuka kilima kwa kutumia soli za viatu."

"Soli zenyewe naona zimekwisha. Mara nyingine utatumia magoti."

"Magoti niliyatumia juzi. Tazama."

Walicheka. Fundi aliinama, akaanza kufungua breki. Lakini Mama Viota hakukaa kwenye kigoda kama kawaida yake. Alisimama tu. Kisha akatoa mfukoni kitambaa kilichokunjwa, akakifungua juu ya meza.

Ndani yake palikuwa na kipande cha waya, kimejikunja, kina weusi wa damu iliyokauka.

"Wewe unajua mambo ya nyaya," alisema. "Huu ni waya wa nini?"

Fundi aliunyanyua. Hakuhitaji miwani. Kwenye ncha moja palikuwa na risasi iliyogongwa mara moja, bapa, laini, kama mbegu ya boga.

Aliisugua ncha hiyo kwa kidole gumba.

"Umeutoa wapi?"

"Mkononi mwa sokwe. Jike. Sisi tunamwita Upara, kwa sababu kichwa chake kimekwisha nywele. Alinaswa katika mtego. Alivuta mpaka akaking'oa kijiti kilichofungiwa waya, lakini waya ukabaki umemkaza kiganja. Alitembea nao siku tisa. Jana daktari wa wanyama amemlaza kwa sindano akaukata. Vidole viwili vimekwenda."

Fundi aliuweka waya mezani taratibu. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemshuku. Lakini ile ncha ilikuwa ikimtazama.

"Mama Viota, hii ni kazi ya mikono yangu."

"Unasemaje?"

"Ni waya wa breki. Nimeulehemu mimi. Mdogo wangu Mrefu alikuja mwezi uliopita. Nguruwe pori walikuwa wanamaliza mahindi ya nyumbani. Akaniomba nyaya kuukuu za kutegea. Nikampa. Tena nikamzibia ncha zote, ili kitanzi kiteleze vizuri." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Nilijisifu, unajua? Nilimwambia, mtego wako hautakwama."

"Na kweli haukukwama," alisema Mama Viota.

Mteja mmoja alisimama mlangoni, akawatazama nyuso, akaondoka.

"Ulimpa ngapi?" aliuliza Mama Viota.

"Kumi na tisa. Nakumbuka kwa sababu risasi iliniishia nilipoanza wa ishirini."

Mama Viota alikaa sasa. Alikaa kwa uzito.

"Basi sikiliza, Fundi. Kule bondeni, karibu na shamba lenu, mikuyu imeanza kuiva. Sokwe wanazijua hizo kuyu kuliko sisi tunavyojua sikukuu. Kundi zima litashuka. Siku nne, tano kwa wingi. Upara atakuja na mtoto wake. Na hapo chini kuna vitanzi kumi na vinane."

Fundi alichukua plaizi, akaifunga breki ya Mama Viota kwa haraka ambayo haijapata kuonekana katika karakana ile. Kisha akavuta mlango wa bati.

"Unafunga saa hizi? Hata saa nne haijafika!"

"Twende kwa Mrefu," alisema Fundi. "Nilichokitengeneza mimi nitakitengua mimi."

*

Mrefu aliishi na mama yao, mwendo mfupi kutoka barabarani. Walimkuta uani akinoa jembe. Mama alikuwa akianika mashuka, vibanio viwili mdomoni, masikio yote mawili kwa wageni.

Fundi hakuzunguka. Aliweka waya mbele ya mdogo wake, akamweleza. Mrefu alisikiliza akiendelea kunoa.

"Dada, pole yake huyo sokwe. Lakini mimi nilitega nguruwe. Nilimwandikia barua sokwe aje?"

"Kitanzi hakijui kusoma," alisema Fundi. "Hakichagui nguruwe na mwingine."

"Na nguruwe wanachagua? Njoo uone safu tano za mahindi zilivyolazwa. Mwaka jana tulikula nini mwezi wa mwisho? Mwulize Mama."

Mama alitoa vibanio mdomoni. "Mboga na maji," alisema, akavirudisha.

"Umesikia? Halafu mnanifanya nionekane muuaji kwa mnyama mmoja. Sokwe wamejaa huko! Nenda bondeni, inua macho. Viota kila mti. Mimi mwenyewe nimehesabu zaidi ya mia mbili. Sokwe mia mbili, mmoja kaumia kidole, ndiyo mji mzima usilale?"

Mama Viota alitabasamu. Hasira hazikumpata. Maneno hayo aliyasikia kila wiki.

"Mrefu, wewe una kitanda?"

"Ninacho. Kwani?"

"Kimoja?"

"Kimoja. Kinapiga kelele, lakini ni kimoja."

"Sokwe hana kitanda kimoja. Kila jioni anapanda mti, anakunja matawi, anajitengenezea kiota kipya. Kesho anakiacha, anatengeneza kingine. Kile cha jana kinabaki pale pale, miezi kadhaa, mpaka majani yaoze. Sasa niambie. Sokwe mmoja akilala bondeni mwezi mzima, ataacha viota vingapi?"

Mrefu aliacha kunoa. "Thelathini."

"Wewe ukipita chini utasema nini?"

Mama alijibu badala yake. "Atasema sokwe thelathini. Mwanangu huyu hata shuleni hesabu zilimshinda."

"Mama!"

"Kwani uongo?"

"Hata sisi wa kazi tulikosea zamani," alisema Mama Viota. "Tulikuwa tunaandika viota, watu wanashangilia. Siku hizi tunatazama umri wa kiota. Majani mabichi ni cha leo au jana. Makavu ni cha zamani. Tena tunawafuata sokwe wenyewe, tunawajua kwa sura. Kundi hili la bondeni walikuwa arobaini na sita. Mwaka huu ni arobaini na mmoja. Hao ndio wote, Mrefu. Ukiwaita majina, unamaliza kabla chai haijapoa."

"Si watazaa?"

"Watazaa. Lakini siyo kama nguruwe. Nguruwe anazaa watoto wengi kwa mara moja. Sokwe jike anapata mtoto wa kwanza akiwa na miaka kumi na mitatu hivi. Mtoto mmoja. Anambeba, anamnyonyesha, anamfundisha. Wa pili atakuja baada ya miaka mitano hivi. Ukimpoteza jike mmoja, pengo lake halizibiki upesi. Na mtoto mdogo akifiwa na mama yake, mara nyingi naye hufa. Ndiyo maana tunasema sokwe wako hatarini kutoweka. Siyo hapa tu, kokote wanakoishi duniani. Misitu inakatwa, wanawindwa, wanaambukizwa maradhi yetu, wananaswa katika mitego."

Mrefu alikuna shingo. "Mimi nilidhani sokwe ana nguvu. Akinaswa, atakata tu aende zake."

"Ana nguvu kweli. Nguvu hizo ndizo zinazomwumiza. Anavuta kwa nguvu zote, kijiti kinang'oka, waya unaingia ndani ya nyama. Tulimwona Upara akijaribu kumchambua mtoto wake manyoya. Mkono ulikuwa umevimba kama boga. Akaubadilisha, akatumia mwingine. Mtoto akawa anaunusa ule mbovu."

Mama alishusha shuka alilokuwa amelishika.

"Mrefu," alisema, "inuka."

"Mama, naweza kufungwa! Kutega ndani ya hifadhi ni kosa."

"Ni kosa," alisema Mama Viota. "Na mimi sitaficha. Nitaandika kila mtego mahali ulipokuwa, ndiyo kazi yangu. Lakini mtu akienda mwenyewe kwa mkuu wa hifadhi, akasema nilikosea, niko tayari kuitegua yote, hatasikilizwa sawa na mtu aliyeburutwa. Sikuahidi kwamba utaachiwa. Nakuahidi nitasimama hapo na kusema nilichokiona."

"Na mimi nitasimama," alisema Fundi. "Wewe ulitega, mimi nilitengeneza. Tutasema pamoja."

Mrefu aliwatazama wanawake watatu, mmoja baada ya mwingine. Hakuona upenyo.

"Nyie mnanionea," alisema, akaenda kuvaa viatu.

*

Mkuu wa hifadhi aliwasikiliza bila kuwapa viti. Aliandika maelezo yao, akayasoma kwa sauti, akawataka watie saini. Mrefu alipewa onyo kali la maandishi. Akaambiwa aongoze askari mpaka kwenye kila kitanzi, na akimaliza atafanya kazi na kikosi cha kutegua mitego kwa miezi mitatu. Kisha mkuu alimgeukia Fundi.

"Na wewe utafanya nini?"

"Nitahakikisha zinafika kumi na tisa," alisema Fundi. "Ncha zake nazijua."

Waliingia msituni siku ile ile: askari wawili, Mama Viota, Mrefu na Fundi. Mama Viota aligawa barakoa kwa kila mtu.

"Ukiwa na mafua unabaki nyumbani," alisema. "Mafua yetu kwako ni kikohozi cha siku tatu. Kwa sokwe yanaweza kuwa kifo. Tukiwaona, tunakaa mbali na hatuli chochote mbele yao. Hatutemi mate."

Mrefu alijua kutega, na alijua kusahau. "Ulikuwa hapa," alisema, kisha, "La, mti ule ulikuwa na nundu." Fundi alitembea ameinama, akipekua majani kwa fimbo. Siku ya kwanza walipata nyaya kumi na moja. Siku ya pili walipata tano. Katika mmoja alikuwamo paa mdogo, amekufa. Mrefu alimfungua mwenyewe, wala hakufanya utani tena mpaka jioni.

Siku ya tatu walitafuta tangu asubuhi, wakapata mmoja.

"Kumi na saba," alisema Fundi. "Na ule wa Upara, kumi na nane. Bado mmoja."

"Dada, miguu yangu imekwisha. Huenda umeoza."

"Waya wa breki hauozi kwa mwezi mmoja."

"Huenda ulihesabu vibaya."

"Ninaweza kukosea vingi, Mrefu. Siyo idadi ya ncha nilizozigonga."

"Basi ni mmoja tu!"

Fundi alinyoosha kiganja chake mbele ya uso wa mdogo wake. Kiganja cheusi kwa grisi, vidole vitano.

"Ule wa Upara nao ulikuwa mmoja tu."

Wakati huo walisikia sauti kutoka juu ya mlima. Ilianza chini chini, hu, hu, hu, ikapanda, ikawa kelele za wengi. Mama Viota aliinua mkono.

"Ndio hao. Wamekaribia kuliko nilivyofikiri. Kesho watakuwa kwenye mikuyu."

Walitafuta tena. Walipita kila kichaka mara ya pili. Jua lilipoanza kulala, askari walisema ni lazima kutoka. Fundi alitoka wa mwisho, akigeuka nyuma kila hatua.

Alipofika nyumbani kwa mama yake alikaa kwenye kizingiti, kichwa mikononi. Mama alimletea maji.

"Haujapatikana?"

"Haujapatikana. Kesho alfajiri narudi. Nitapekua jani kwa jani."

"Kunywa kwanza. Nisaidie na mashuka haya, umande usije ukayalowesha."

Fundi aliinuka kwa uchovu. Alibandua kibanio cha kwanza, cha pili, akavuta shuka la mwisho. Mkono wake ukagusa kamba ya kuanikia pale ilipofungwa kwenye nguzo.

Ilikuwa baridi. Ilikuwa laini. Ilikuwa bapa, kama mbegu ya boga.

"Mama! Hii kamba umeitoa wapi?"

"Hiyo? Ile yangu ya katani ilikatika. Mrefu akanifungia hiyo mwezi uliopita. Imara kweli, haiachi kutu kwenye nguo."

"Mrefu!"

Mrefu alitoka ndani na kipande cha muhogo mkononi. Alitazama kamba. Alimtazama dada yake. Muhogo ukabaki katikati ya safari.

"Nilisahau," alisema kwa sauti ndogo.

"Siku tatu!" Fundi alipiga kelele. "Siku tatu napekua msitu kama kuku, na waya umebeba mashuka ya Mama!"

"Mlisema mitego," alisema Mama. "Hakuna aliyesema kamba ya nguo."

Fundi alitaka kukasirika zaidi, lakini badala yake alikaa chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akachukua plaizi.

"Mwanangu, na mashuka yangu nianike wapi? Mgongoni kwako?"

"Kesho nakuletea kamba ya katani, Mama. Mpya."

Akakata. *Kach.*

*

Lakini nguruwe hawakuwa wamesikia habari hizo. Wiki ile ile walirudi shambani. Mrefu alikuja karakana amenuna.

"Sokwe wako salama. Mahindi je?"

Mama Viota alikuwapo, amekaa kwenye kigoda chake. "Hilo nalo si la kuachwa," alisema. "Anzeni na kile kichaka kinachogusa shamba. Kifyekeni, upande wenu wa mpaka tu. Nguruwe hapendi kuvuka mahali peupe. Halafu pandeni miiba iliyobanana, iwe uzio. Na mlinde kwa zamu na majirani, siyo mtu mmoja anayesinzia."

"Mimi sisinzii," alisema Mrefu.

"Mama anasema unakoroma umesimama," alisema Fundi. Ghafla aliweka plaizi chini. Macho yake yalikuwa kwenye kopo la biskuti.

Siku mbili baadaye Fundi alizungusha kamba ya katani kuzunguka shamba, usawa wa magoti, nje ya miche ya miiba. Kila hatua kumi alifunga kengele ya baiskeli. Nguruwe akiigusa kamba, kengele zililia upande mzima, na mlinzi akatoka na debe na kelele. Majirani walicheka siku ya kwanza. "Mahindi yenu yanaomba njia?" Siku ya tano walikuja kumwuliza kama kengele zimebaki.

Msimu ule safu mbili tu ziliharibiwa. Mwezi wa mwisho Mama alipika ugali, akasema mboga na maji ameshasahau ladha yake. Mrefu alimaliza miezi yake mitatu na kikosi cha kutegua mitego. Alipoambiwa anaweza kuondoka aliomba abaki, kwa sababu, alisema, hakuna askari anayejua mtegaji anavyofikiri. Walimpa buti. Zilikuwa fupi kwake, lakini hakuzivua.

Mama Viota aliendelea kupita karakana kila Ijumaa, na Fundi aliendelea kumwuliza swali lile lile kabla ya salamu.

"Wangapi?"

"Arobaini na mmoja," alisema Ijumaa moja, akaegemeza baiskeli. "Hakupungua hata mmoja. Na Upara nimemwona kwenye mikuyu. Amejifunza kuchuma kwa vidole vitatu. Mtoto anasubiri mpaka achume, halafu anamnyang'anya mdomoni."

"Mtoto wa nani asiye hivyo," alisema Fundi.

Mwanamume mmoja alisimama mlangoni. Alikuwa mgeni wa njia ile.

"Fundi, nimeambiwa una nyaya kuukuu za breki. Nahitaji chache. Nataka kufungia kitu."

"Ninazo. Chukua."

Alimsogezea bati lililojaa vipande vya waya. Mwanamume alichukua waya mmoja, akaugeuza. Ulikuwa umelehemiwa ncha zote mbili, bapa, laini, kazi safi. Lakini urefu wake ulikuwa wa kidole.

"Mbona mfupi hivi? Huu haufungi kitu chochote."

Fundi alichukua waya mwingine kutoka kwenye rundo, akaupima kwa kidole chake cha kati, akabana plaizi.

"Ndivyo nilivyokusudia," alisema, akakata.